Haijafa, Mama, Imelala

Columbus, Ohio
15 Novemba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta salama wewe na wote hapo Kibokoni, na presha imetulia. Sisi hatujambo, ila baridi imeingia na jua linatukimbia: saa kumi na moja na robo jioni, magharibi hiyo.

Ama baada ya salamu. Juzi kwenye simu ulipoliona lile karai la matope nyuma ya gari ulicheka, ukauliza, "Hilo ndilo ua ulilotutambia mwezi wa saba?" Mtandao ukakatika kabla sijakujibu. Ndilo, Mama. Yale majani mapana kama masinia ya pilau yamekwisha, lakini mzizi u hai.

Ulikuwa ukiliita yungiyungi. Huyu si yeye, ni lotasi. Jani la yungiyungi hulala juu ya maji na lina mkato upande mmoja. La lotasi ni duara lisilo mkato, na husimama juu ya bua lake kama mwavuli. Ukilinyunyizia maji hayalowi, yanabingirika kama zebaki. Wataalamu wa mimea wanasema lotasi iko karibu zaidi na mti wa makadamia kuliko yungiyungi. Nami nilishangaa.

Mwaka wa kwanza niliiua mwenyewe. Majani yalianza kuchusha mwezi wa kumi, nami mkono wangu hautulii, nikachukua mkasi nikayakata mabua yakiwa bado mabichi, chini ya maji, nione kidimbwi kisafi. Kumbe bua la lotasi lina matundu ndani kama mirija, ndiyo njia yake ya kupeleka hewa kwenye mzizi. Maji yakapitia humo humo. Majira ya kuchipua nilipoingiza mkono kwenye tope nilitoa kitu laini, kinanuka kama pweza aliyesahauliwa juani. Mama watoto hakuniruhusu kuingia jikoni.

Mwaka huu nilinunua mzizi mwingine. Ulikuja umefungwa gazeti bichi, kama ndizi tatu zilizounganishwa ncha kwa ncha, na kichipukizi chembamba ambacho ukikigusa vibaya kinavunjika. Nilingoja hadi katikati ya Mei, barafu ya usiku ilipokwisha. Nikaulaza ubavu kwenye karai pana lisilo tundu, juu ya udongo mzito wa mfinyanzi, kichipukizi kikichungulia, nikauwekea kijiwe usielee. Maji vidole vinne tu, yapate joto upesi. Samadi ya mbuzi unayoipa asumini yako hapa haifai, inaoza majini na mzizi nao unaoza. Mbolea nilitia kidogo baadaye, majani yalipokwisha kusimama.

Na lilipochanua, Mama! Asubuhi linafunguka, mchana linajifunga, kesho tena. Siku ya nne likapukutisha petali zote, kikabaki kile kikombe chenye matundu kama kichwa cha shawa, kila tundu na mbegu yake.

Safari hii nilisubiri. Majani yakakauka yenyewe hadi yakawa rangi ya chai ya rangi, ndipo nikayakata, tena juu ya maji. Wenye vidimbwi virefu huteremsha chombo hadi chini kabisa, maana barafu hukaa juu na maji ya chini hayagandi. Changu kina nusu mita, sikukiamini. Ndiyo maana karai limo kwenye banda la gari: pana baridi, lakini hapagandi. Lisikauke, wala lisiingie nyumbani kwenye joto, maana litachipua kabla ya wakati na jua la kulilisha hakuna. Kila Ijumaa nikitoka msikitini natia kidole kwenye tope, likianza kukauka naongeza kikombe.

Sasa ule mzizi ulioniomba nikufichie kwenye sanduku nikija. Siwezi, Mama. Mmea hauingii bila kibali cha KEPHIS, wale wakaguzi wa mimea wa serikali ya Kenya, na cheti cha huku kwamba hauna ugonjwa, na hata ningepata, moyo unasita. Gugu maji lililolijaa ziwa kule Kisumu asili yake Amerika Kusini, na lilisambazwa duniani kwa uzuri wa ua lake.

Mtafute yungiyungi. Lile la buluu ni la kwetu, na wauza miche wa kando ya barabara huenda wakawa nalo. Huko hakuna baridi ya kulificha. Uani hapafai, maghorofa ya majirani yanaziba jua. Liweke juu kwenye paa la sakafu, pale unapoanika maembe ya achari, karibu na ukuta ubebe uzito, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja na karai likijaa si la kusukumwa. Tia visamaki kama vile vya birika la Bibi, vipate kula viluwiluwi vya mbu. Mwambie mdogo wangu ahesabu kwanza jua linakaa hapo saa ngapi. Zikipungua tano asijisumbue.

Mama watoto anakusalimu sana. Anauliza ile achari umempa nani wa kuja nayo.

Mwanao