KUH: Poti niliyofungua kwangu na nyinyi mkaifunga kwenu

Malaba, Wilaya ya Tororo
9 Septemba 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Hii ni barua yangu ya tatu kuhusu intaneti mliyoniunganishia, maana nikiwa nje ya nyumba siwezi kuifikia kompyuta yangu iliyo ndani. Mbili za kwanza niliandika kwa Kiingereza na zote zikajibiwa kwa maneno yale yale, kwamba nizime ruta, kile kifaa chenu cha intaneti, nisubiri sekunde 30, niwashe tena. Safari hii naandika kwa Kiswahili, lugha rasmi ya pili ya nchi hii kwa mujibu wa katiba tangu 2005, nione kama kuna mtu huko atakayelazimika kuisoma mpaka mwisho.

Mimi ni wakala wa forodha hapa mpakani. Nyaraka za wateja wangu zote, invoisi, orodha za mizigo, picha za sili (lakiri) za makontena, naziskani na kuzihifadhi nyumbani kwenye kompyuta moja ya mezani yenye diski mbili, na betri pembeni kwa ajili ya umeme wetu huu mnaoujua. Nilitaka nikiwa Nakawa nafuatilia mambo ya URA, mamlaka ya mapato, au mshirika wangu akiwa Mombasa, tuweze kuvuta faili wenyewe bila kumsumbua mtu. Ndiyo maana muuzaji wenu alipokuja mwezi Juni sikumuuliza habari za kasi kwanza. Nilimuuliza: nikielekeza poti, yaani mlango wa mtandao wenye namba yake, kwenye ruta yenu, mtu aliye nje ataifikia kompyuta yangu? Akajibu, "Hiyo haina shida, mzee." Nikalipa siku ile ile.

Naeleza nilichofanya ili msinirudishe kwenye kuzima na kuwasha. Kompyuta nimeipa anwani isiyobadilika ndani ya nyumba, 192.168.1.50. Kwenye ruta nimeagiza anayebisha poti 2222 kutoka nje apelekwe poti 22 ya kompyuta hiyo. Faili zinapita kwa SFTP, njia ya kuhamisha faili kwa siri, na anayeingia anatumia faili ya ufunguo, hakuna paswadi ya kubahatisha. Poti 445, ile ya kushirikiana mafolda ya Windows, sikuigusa, maana hiyo haiwekwi barabarani. Kisha nikazima WiFi ya simu nikajaribu kwa data ya laini nyingine, kwa kuwa kujipima ukiwa ndani ya nyumba hakuthibitishi kitu. Haikuingia. Nikaiacha kompyuta iandike kila kinachobisha usiku kucha. Asubuhi daftari lilikuwa tupu. Hapo ndipo nilipopata wasiwasi, kwa sababu kompyuta iliyo wazi kwenye intaneti haipitishi usiku bila mhuni mmoja kujaribu kitasa.

Nikafungua ukurasa wa hali ya ruta. Anwani mliyoipa inaanza na 100.83. Nikaingia kwenye tovuti inayokuonyesha anwani unayoonekana nayo nje, nikakuta namba nyingine kabisa. Anwani za kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa kampuni kama yenu, ili wateja wengi wagawane anwani moja ya nje. Sababu naijua na siwalaumu kwayo: anwani za IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, ziliisha kwenye ghala kuu la dunia tangu 2011. Lakini maana yake kwangu ni kwamba lori limefika getini na karatasi zote, karani hana jina langu kwenye daftari, na geti lenyewe ni lenu. Hata nikiacha yadi yangu wazi mchana na usiku, lori haliingii.

Haya yote ningeelezwa kwa simu moja. Nilipiga sita. Binti mmoja, nilipotaja kufungua poti, aliniuliza kama mzigo wangu uko Mombasa. Huyo sina neno naye. Kwa hapa Malaba ni swali la haki. Wa sita ndiye aliyesema ukweli, kwamba anwani ya nje hutolewa kwa vifurushi vya biashara tu. Bei yake hakuijua.

Katikati ya simu hizo mlinitumia fundi. Alibadilisha ruta, akachukua Sh 50,000, akasema sasa iko sawa. Alipoondoka nikakuta paswadi ya ruta ni "admin" na kompyuta yangu ameiweka kwenye DMZ, yaani kila kinachokuja kutoka nje, poti yoyote, kielekezwe kwake. Nyaraka za wateja wangu zingekaa uchi. Kilichoziokoa ni ukuta ule ule wenu ninaoulalamikia. Nimeiondoa DMZ mwenyewe na paswadi nimebadilisha.

Sasa hasara. Alhamisi ya wiki iliyopita nilikuwa Kampala, dereva wangu yuko kwenye yadi, na mshirika wa Mombasa anataka namba ya kontena na ya sili. Nikampigia mke wangu aifungue skani na kupiga picha kioo cha kompyuta kwa simu. Taa ya dari ilimeremeta juu ya kioo. Kontena tulikosea kwanza, tukagundua papo hapo, kwa kuwa tarakimu yake ya mwisho ni ya kuhakiki zilizotangulia. Namba ya sili haina msaada huo. Mke wangu aliona 8, kumbe ilikuwa 3. Gari lililala siku mbili. Dereva alikula kwa gharama yangu, na mteja hajanipigia tangu siku hiyo.

Ninachotaka ni hiki. Nipeni anwani ya nje kwenye kifurushi nilicho nacho, kama muuzaji wenu alivyoahidi, hata kama itakuwa inabadilika. Jina la kuifuata kila inapobadilika nitalipanga mwenyewe. Ikishindikana, niandikieni bei kamili ya kifurushi chenye anwani hiyo, au mnirudishie ada ya kuunganishiwa mtandao niondoke kwa amani. Kama IPv6, mfumo mpya wa anwani, mnayo, niambieni pia, maana kwenye ruta sehemu yake iko tupu. Sh 50,000 za fundi nazidai kwa vyovyote vile.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Baada ya hapo nitapeleka nakala ya barua zote tatu kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda. Jina langu na namba ya akaunti vimo kwenye risiti nilizoambatanisha. Fundi mwingine asije kabla hajanipigia, na akija, asiguse ruta nikiwa sipo.

Mteja wenu,
Wakala wa forodha, Malaba