Kabla ya sindano chini ya macho, shika kioo

Mhariri,

Tunaomba nafasi gazetini tuseme na wasomaji wa Tanga wanaoulizia sindano za kujaza vishimo vya chini ya macho. Wengi huanza na bei. Sisi tungependa waanze na kioo.

Kaa karibu na dirisha mchana, kisha inua uso uelekee mwangani. Giza la chini ya macho likipotea, hicho ni kivuli cha shimo: mafuta ya juu ya shavu yamepungua, na kano inayoishikilia ngozi kwenye mfupa inachora mfereji kutoka kona ya ndani ya jicho. Lisipopotea, vuta ngozi taratibu kwa kidole. Weusi ukisogea pamoja na ngozi, ni rangi ya ngozi yenyewe, ya kurithi au ya kufikicha macho kila siku kwa sababu ya mzio. Halafu tazama juu bila kuinua kichwa. Kikitokeza kivimbe, ni mafuta yanayozunguka jicho yaliyosukumwa mbele. Na uvimbe wa asubuhi unaokwisha kabla ya adhuhuri mara nyingi ni maji tu; punguza chumvi na ulale kichwa kikiwa juu kidogo.

Fila, yaani dawa ya kujaza inayochomwa kwa sindano hizo, inafaa kwa shimo. Ukiichoma penye kivimbe kikubwa, uso unazidi kujaa. Ukiichoma penye weusi, weusi unabaki palepale na pesa imekwenda. Weusi hutaka kinga ya jua, mzio utibiwe na dawa ya daktari wa ngozi. Hautaki mkorogo, ambao mara nyingi huwa na steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na mwasho: ngozi ya pale, ambayo ni nyembamba kuliko sehemu nyingine za mwili, huzidi kukonda hadi mishipa inaonekana, na dawa hiyo ikizoeleka karibu na jicho inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Kwa shimo la kweli, fila ya kuchagua ni ya asidi ya hayaluroniki (kitu cha utelezi kilichomo hata mwilini), laini, isiyovuta maji mengi. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha Juvéderm Volbella XC kwa sehemu hiyo, kwa watu waliopita miaka 21. Bomba moja huwa na mililita 1, sawa na sehemu ya tano ya kijiko cha chai, na mara nyingi nusu yake au chini ya hapo hutosha jicho moja. Anayekushawishi umalize bomba lote upande mmoja anafikiria bomba lake. Dawa huwekwa chini kabisa, juu ya mfupa, kidogo kidogo. Ikikaa juujuu inafanya vinundu vyenye rangi ya buluu. Ikizidi, inavuta maji na jicho linakuwa kama la mtu aliyelia usiku kucha.

Hayo yanarekebishika, kwa sababu fila hii ina kiyeyushaji chake, hayaluronidezi. Silikoni haina. Mafuta ya mwili yanayohamishwa kutoka tumboni au pajani hayana pia: sehemu yake hunywewa na mwili, na kinundu kikibaki huenda kikahitaji upasuaji. Kwa hiyo kabla ya kulala kitandani omba uoneshwe vitu viwili: usajili wa daktari kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika, na chupa ya kiyeyushaji ikiwa humo humo chumbani. Jibu likiwa "tutaagiza Dar", ondoka. Fila ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi hupauka au kufanya madoa ya zambarau, maumivu huwa makali, na jicho linaweza kupofuka ndani ya dakika chache, pengine moja kwa moja. Dar ni zaidi ya kilomita 300. Kalamu za kusukuma fila bila sindano zinazouzwa mtandaoni usiziguse. Mamlaka hiyo hiyo ya Marekani ilizitolea onyo mwaka 2021.

Mwenye kivimbe na shimo pamoja hufaa zaidi upasuaji wa kope la chini, ambapo mafuta yaliyojitokeza husogezwa yakafunika mfereji. Uvilio wa damu hukaa kama wiki mbili.

Neno kwa wenye harusi za Mfungo Mosi. Msisubiri wiki ya singo na hina. Fila huvimba siku za mwanzo, na umbo lake hutulia baada ya wiki mbili hadi nne. Ikibidi kuyeyushwa, ni wiki mbili nyingine kabla ya kujaza tena. Anayetaka kuchoma achome mwanzoni mwa Shaabani, kabla ya kuvunja jungu, maana mkesha na kiu ya mfungo navyo huzamisha macho, na daktari atajaza shimo ambalo baada ya Idi lingejaa lenyewe.

Wahudumu wa afya ya ngozi,
Chumbageni, Tanga