Toshack si Mwingereza

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako zaidi ya miaka ishirini bila kukuandikia hata mstari mmoja. Makala yenu ya Jumamosi kuhusu John Toshack imenishinda kunyamazia. Mmemwita "kocha Mwingereza" mara tatu. Toshack ni Mwelsi, mzaliwa wa Cardiff huko Wales, nchi iliyo pamoja na Uingereza katika Ufalme wa Muungano lakini yenye timu yake ya taifa. Timu hiyo ameichezea, na ameifundisha kuanzia 2004 hadi 2010. Gareth Bale alipoivaa jezi hiyo mara ya kwanza mwaka 2006, akiwa na miaka 16, aliyempanga ni huyo huyo.

Jioni ile barazani nilisema hivyo hivyo. Kijana mmoja akanifunulia gazeti lako mbele ya wazee wenzangu: "Babu, imeandikwa hapa." Wote wakamwamini yeye. Nilirudi nyumbani nimekasirika mpaka chai ikanishinda.

Halafu mnaandika kwamba alipocheza Liverpool, Toshack alibebwa na mshambuliaji mwenzake Kevin Keegan! Fainali ya Kombe la UEFA, 1973: mechi ya kwanza ilivunjwa na mvua, na Toshack hakuwemo katika kikosi kilichoanza. Kocha wa Liverpool, Bill Shankly, alikaa pale akaona mabeki wa Mönchengladbach ya Ujerumani ni wabovu kwa mipira ya juu. Mechi iliporudiwa kesho yake akamwanzisha Toshack, mipira ikawa inamfuata kichwani naye anamtengea Keegan. Liverpool 3, Wajerumani 0, Keegan mabao mawili. Nani alimbeba mwenziwe hapo? Na klabu ya Swansea je? Aliichukua kama kocha Machi 1978, yeye mwenyewe bado anacheza, ana miaka 28, timu iko daraja la nne. Mwaka 1981 ilikuwa daraja la kwanza, na msimu wake wa kwanza huko ikamaliza ya sita. Kazi kama hiyo nyinyi mmeipa sentensi moja! Kombe la Mfalme la Hispania alilolichukua na Real Sociedad mwaka 1987 hamkulitaja kabisa. Ubingwa wa Hispania wa 1990, Real Madrid wakiwa na mabao 107 ya ligi, mmesema "alifanikiwa kiasi". Kiasi gani, mhariri?

Sisi wa Zanzibar jambo hili linatuchoma zaidi. Mwaka 1995 tulichukua Kombe la CECAFA, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, kwa jina letu, na mwaka 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilitupa uanachama Machi, ikatunyang'anya Julai. Hata hivyo kurasa zenu za michezo bado zinatuandika kana kwamba sisi ni mkoa tu. Anayechanganya Wales na Uingereza hatashindwa kutuchanganya na sisi.

Naomba masahihisho yatoke Jumamosi ijayo, ukurasa ule ule, kwa herufi kubwa zile zile za kichwa cha habari. Na ukutani kwa waandishi wenu wa michezo ibandikwe ramani, Wales ipakwe rangi nyekundu. Nitalinunua gazeti la siku hiyo nilipeleke barazani mwenyewe.

Msomaji wako,
Mji Mkongwe, Zanzibar