Wapuritani hawakuchoma wachawi, na gavana wao alikuwa mwanaalkemia

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa kemia sekondari, gazeti lenu nalisomea kwenye simu, na ile makala ya wiki iliyopita kuhusu Wapuritani wa Marekani, wale Waprotestanti wenye msimamo mkali waliohamia huko kutoka Uingereza karne ya 17, imenikera kidogo. Mwandishi kasema wale watu walikuwa maadui wa sayansi, kazi yao Biblia na kuchoma wachawi basi, halafu alkemia, ile kazi ya kale ya tanuri na madini iliyoitangulia kemia, kaimaliza kwa sentensi moja eti utapeli wa kugeuza madini ya risasi yawe dhahabu. Pole pole jamani.

Kwanza hakuna mchawi aliyechomwa pale. Salem, koloni la Massachusetts, mwaka 1692 walinyongwa watu 19, na mzee mmoja, Giles Corey, aliwekewa mawe kifuani mpaka akafa sababu alikataa kujibu mashtaka. Ukatili ni ukatili sawa, ila moto haukuwepo.

Sasa njoo kwa John Winthrop mdogo. Baba yake, jina hilohilo, ndo alikuwa gavana wa Massachusetts, Mpuritani wa kutupwa. Mtoto alifika huko 1631 na yeye mcha Mungu vilevile, lakini huku ana tanuri, ana vitabu vya alkemia kibao, vingine vilishawahi kuwa vya John Dee, yule mnajimu wa malkia Elizabeth wa kwanza, na alama ya Dee aliichukua akaifanya yake. Na hakuona shida yoyote, kwake Mungu ndo aliyeficha nguvu ndani ya madini na mimea, kuzitafuta ni ibada. Akaanzisha kiwanda cha chuma, akanunua machimbo Tantiusques akitegemea fedha, kumbe kilichojaa mle ni grafaiti, ile ya kwenye penseli (nacheka kila nikifika hapo). Na alikuwa tabibu, watu wa Connecticut, koloni jirani, walimwandikia barua kueleza kinachowauma naye anatuma unga wake aliouita rubila, ndani yake kuna antimoni, hii hii ya wanja wa manga, ukinywa unatapika mpaka unasahau ulikuwa unaumwa nini. Leo nisingempa hata paka, ila nyakati zile kutapishwa ndo kutibiwa.

Sasa utasema huyo ni mmoja tu. Haya, George Starkey kamaliza Harvard 1646, chuo cha Wapuritani hao hao, akaenda London 1650 na ujuzi wake wa tanuri, akamfundisha kemia Robert Boyle, ndio, huyo huyo wa sheria ya gesi ninayoandika ubaoni kila mwaka. Vitabu alivyoandika kwa jina la uongo la Eirenaeus Philalethes, Newton alivisoma akavirudia tena na tena. Na ile darubini Winthrop aliyowapa Harvard 1672 ndo Thomas Brattle aliangalia nayo kometi (nyota yenye mkia) ya 1680, vipimo vyake vikaingia kwenye Principia, kile kitabu kikubwa cha Newton. Maadui wa sayansi gani hao?

Lakini lililonifanya niandike barua hii ni kesi za uchawi zenyewe. Connecticut walianza kunyonga mapema kuliko Salem, Alse Young 1647. Winthrop kawa gavana pale, halafu 1661 kaenda Uingereza kutafuta hati ya koloni kwa mfalme Charles wa pili, na yeye akiwa huko, mji wa Hartford kule Connecticut ukashikwa na hofu ya wachawi, watu wanne wakanyongwa. Aliporudi hakunyongwa tena mtu kwa uchawi Connecticut, hata mmoja. Mjane Katherine Harrison wa Wethersfield baraza la wazee wa mahakama lilimkuta na hatia 1669, mahakimu chini ya Winthrop wakasita, wakawauliza wachungaji, na jibu lililoandikwa na Gershom Bulkeley, mchungaji, tabibu na mwanaalkemia pia, likawa kwamba lazima mashahidi wawili wawe wameona kitendo kilekile. Hayo majungu ya kwamba mmoja kaona mbwa mweusi, mwingine ng'ombe wake kafa, hayajumlishwi. 1670 mama akaachiwa, ila aliambiwa ahame.

Mimi nalielewa hivi. Mtu aliyekaa miaka na tanuri anajaribu kuamrisha nguvu zilizofichika, chupa zinapasuka, dhahabu haiji, atakubali vipi kwamba jirani yako mgomvi anaziamrisha akiwa jikoni kwake? Alijua ugumu wa kazi. Mwandishi wenu yeye anatuambia alkemia na kuwinda wachawi ni ujinga wa ukoo mmoja, wakati hapa wanaalkemia ndo walioshika breki.

Simfanyi malaika, alikuwa mkoloni na ardhi aliyojengea ilikuwa na wenyewe.

Ombi langu dogo: ile picha ya mwanamke kwenye moto mliyoandika chini "Salem 1692" itoeni, wanafunzi wangu wawili tayari wameinakili kwenye insha.

Mwalimu wa kemia, Morogoro