Betri ikiwa imekufa, diski isilazwe

Ndugu Mhariri,

Laptopu nyingi za mtumba hapa Arusha na Moshi huja na betri iliyochoka na diski ya kuzunguka. Wenye kuziwekea mfumo wa Linux hukimbilia kuilaza diski, yaani kuisimamisha isizunguke, ili chaji idumu. Betri ipimwe kwanza.

Mfumo wa faili wa ext4, unaotumika sana kwenye Linux, una jonali, daftari ambamo mabadiliko huandikwa kabla ya kupelekwa mahali pake. Hufungwa kila sekunde 5, ndiyo maana diski hailali. Wengi huongeza commit=600 kwenye /etc/fstab, faili la mipangilio ya diski, ili jonali ifungwe kila sekunde 600, yaani dakika 10, wakaishia hapo, kisha wanashangaa diski bado inaamka. Kerneli, kiini cha Linux, nayo humwaga kwenye diski data iliyokaa kwenye memori sekunde 30, kwa hiyo mipangilio yake ya dirty_expire_centisecs na dirty_writeback_centisecs, inayohesabu kwa mia ya sekunde, nayo ipande hadi 60000, yaani dakika 10 zilezile. Baada ya hapo amri ya hdparm -S 24 huilaza diski ikikaa bure dakika 2.

Sasa umeme ukatike. Jonali hulinda mpangilio wa faili tu. Haina habari na kilichobaki kwenye memori. Mashine itawaka bila kulalamika, lakini mtihani uliousevu dakika 8 zilizopita huenda haukuwahi kufika kwenye diski.

Kwa hiyo sevu kazi, chomoa chaja, uhesabu. Betri isiyofika dakika 15 iachiwe sekunde 5 zake. Inayoshika saa nzima ipewe commit=60, na amri ya sync, inayomwaga yote yaliyo kwenye memori, kabla ya kuchomoa chochote. Dakika 10 ni za anayesoma tu, haandiki. Na barrier=0, inayozima ulinzi wa mfuatano wa maandishi, msiiguse, hata mkiambiwa inaongeza kasi: diski hupangua mfuatano wa maandishi, na umeme ukikatika jonali yenyewe inaharibika.

Kulala na kuamka mno nako kunaua. Tazama Load_Cycle_Count, hesabu ya mara vichwa vya diski vilivyoegeshwa, kwa amri ya smartctl -A. Diski nyingi za laptopu hukadiriwa kuhimili mara 300,000 hadi 600,000 za kuegesha vichwa. Vikiegeshwa kila nusu dakika, saa 8 kwa siku, ni mara 960. Laki tatu zinaisha kwa siku 312. Namba ikikimbia, weka hdparm -B 254 ili diski ipunguze kuegesha vichwa.

Yote haya ni kwa ajili ya diski ambayo ikizunguka bure hula kama wati 1 hivi. Kupunguza mwanga wa skrini huokoa zaidi, na hakupotezi faili ya mtu.

Mafundi wa kompyuta,
Arusha