Viungo vyangu vyote vimekufa

Mpendwa Baba Tumaini,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote ulio nao. Mimi ni mzima, ingawa nimekaa miezi mingi bila kukuandikia na sina udhuru wa maana wa kukupa. Ama baada ya salamu, nakuandikia kwa sababu ya ile orodha ya faili niliyokuonyesha kwa majivuno tulipoonana mara ya mwisho, ile iliyotengenezwa na makro yangu ya Excel (programu fupi inayofanya kazi ndani ya Excel), kila jina likiwa kiungo cha kubofya ili kufungua faili. Ulinionya siku ile kwamba njia ya diski, yaani anwani ya mahali faili zilipo, niliyoiandika ndani ya msimbo ingenitia matatani, nami nikacheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimevunjika viungo vyote, zaidi ya elfu nne.

Bi. Rehema alinisikia nikilalamika kwenye simu kwamba viungo vyangu vimekufa, akanihimiza nimwone daktari wa mifupa kabla mambo hayajaharibika zaidi. Alinihurumia kwa dhati hata nikaona haya kumweleza ukweli.

Mambo yalikwenda hivi. Diski ya zamani ilikuwa imejaa, nikahamishia faili zote kwenye diski mpya bila kubadilisha jina la folda hata moja. Kompyuta ikaipa diski hiyo herufi E, ilhali ile ya kwanza ilikuwa D. Nilipofungua lahajedwali kila kitu kilionekana salama: folda zimejipanga, faili zimeingizwa ndani kidogo chini ya folda zake, maandishi ni ya buluu na yamepigiwa mstari. Nikabofya kiungo cha kwanza, nikaambiwa faili haiwezi kufunguliwa. Nikabofya cha pili na cha kumi, jibu likawa lile lile. Makro yangu ilitumia amri ya Hyperlinks.Add, ambayo huficha anwani nyuma ya maandishi, kwa hiyo jicho linaona jina la faili tu na halioni kwamba nyuma yake kila anwani bado inaanza na D. Ningekiweka kitabu cha kazi (faili ya Excel yenye orodha) pamoja na faili zenyewe, huenda Excel ingehesabu njia kuanzia kilipo kitabu na vyote vingehama pamoja. Lakini mimi nilikiweka kwenye diski C, basi kila kiungo kikabeba njia nzima.

Najua utauliza kwa nini sikuendesha makro upya nikamaliza kazi. Hapo ndipo penye kiini cha barua hii. Tangu tulipoachana nimekuwa nikiandika maelezo kwenye safu ya kando: faili ipi imeshahakikiwa, ipi ni nakala tu, ipi ina makosa kwenye ukurasa wa mwisho. Makro huanza kwa kufuta karatasi yote. Hata ningeizuia isifute safu ile, faili mpya moja tu ikiongezwa katikati ingesukuma orodha chini mstari mmoja, na maelezo yote yanayofuata yangekaa kando ya faili zisizohusika. Hilo ni baya kuliko kufutwa, kwa kuwa kilichofutwa angalau unajua kimepotea. Tena makro ikishafanya kazi yake, kitufe cha kutendua hakikusaidii kitu.

Nilijiokoa kwa muda. Nilinakili kitabu kizima kwanza (umeona, nimejifunza kidogo), kisha nikaandika makro fupi inayopitia kila kiungo kilichopo kwenye karatasi na kubadilisha D kuwa E kwenye anwani yake bila kugusa seli nyingine yoyote. Ilikuwa mistari mitatu tu. Viungo vikafufuka na maelezo hayakusogea. Hata hivyo hiyo ni tiba ya siku moja, kwa maana faili mpya zinaendelea kuingia na orodha haizijui.

Kwa hiyo nimeanza kuijenga upya, na safari hii nimekusikiliza. Mzizi wa njia unakaa kwenye seli moja juu ya karatasi. Safu ya kwanza ina sehemu ya njia inayobaki baada ya mzizi, na kiungo chenyewe ni fomula ya HYPERLINK inayounganisha viwili hivyo. Diski ikibadilika, nabadilisha seli moja. Nilifurahi mno mpaka nilipokutana na faili zilizofukiwa ndani ya folda nane au tisa zenye majina marefu kama barua ya mirathi, kwa sababu fomula hiyo hukataa anwani inayozidi herufi 255. Faili zenye alama ya # katika jina nazo hazifunguki, kwani Excel huichukulia alama hiyo kuwa mwisho wa jina la faili na kuhesabu kinachofuata kuwa mahali ndani yake. Hizo nimezibadilisha majina kwa mkono, nikinung'unika.

Kuhusu kuzipitia folda, utacheka ukijua nilichofanya. Toleo langu la kwanza lilitumia Dir, amri ya kuorodhesha faili za folda. Nilidhani ningeweza kuingia folda ndogo, kuisoma, kisha kurudi na kuendelea pale nilipoachia, lakini Dir ina kumbukumbu ya mahali pamoja tu. Ukiipa njia mpya, ya zamani inaisahau. Orodha ikawa inakatika bila kutoa kilio. Nilihamia FileSystemObject, chombo kingine cha kusomea folda, ambamo kila folda inabeba yenyewe mkusanyiko wa faili zake na folda zake ndogo, na utaratibu mmoja unajiita wenyewe ngazi baada ya ngazi mpaka chini kabisa. Jioni moja nzima iliniishia kwa sababu kihesabio cha mistari nilikitangaza ndani ya utaratibu huo, hivyo kila folda ikaanza kuandika upya kuanzia mstari wa pili juu ya folda iliyotangulia. Sitaki kulizungumzia zaidi.

Narudi kwenye maelezo, maana ndiyo yanayoninyima usingizi. Ninafikiria kuyahamishia kwenye karatasi ya pili, kila moja likiwa na njia ya faili yake kama ufunguo, na ile orodha iyavute kutoka huko kwa fomula. Makro ingefuta na kuandika orodha itakavyo, na maelezo yangebaki salama. Lakini mtu akibadilisha jina la faili ufunguo unakatika, na maelezo yanabaki yatima bila mimi kujua. Na watu wanabadilisha majina ya faili kila leo, kama unavyomjua Mzee wa Stoo.

Basi naomba msaada wako. Je, wewe ungetumia ufunguo gani? Tarehe ya kuundwa na ukubwa wa faili vikiunganishwa vingetosha, au najidanganya? Makro ikikuta folda isiyo na ruhusa ya kusomwa, wewe huiambia iruke kimya kimya, au huandika jina lake mahali ili ulione? Na kwa jinsi unavyonifahamu, niendelee na makro, au nihamie Power Query, zana ya Excel ya kukusanya data, ambayo nasikia huisoma folda na folda ndogo zake bila msimbo wowote? Nikutumieje kazi yenyewe? Kitabu chenye makro kikitoka kwenye intaneti siku hizi Excel hukizuia mpaka ukifungulie kwenye sifa za faili, kwa hiyo nimeambatisha msimbo kama maandishi matupu. Ukiona aibu yoyote humo, tafadhali usimwonyeshe shemeji.

Wako mtiifu, mwenye viungo vilivyofufuka kwa muda,

Ni mimi, Mwalimu wa Zamu