Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: mbung'o wasiachiwe mfugaji mmoja mmoja

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Tabora. Kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa mwaka 2025 tumeipokea kwa moyo mmoja, na ninakushukuru kwa hilo. Lakini upo ugonjwa ambao sindano hiyo haiugusi, na kwetu sisi tunaochungia kwenye miombo ndio unaotumaliza. Nagana haina chanjo. Kimelea chake hubadilisha gamba la nje kila kinga ya mwili inapoanza kukitambua, na watafiti wamehangaika nacho kwa miongo mingi. Njia iliyobaki ni kumuua anayekisambaza, yaani mbung'o, inzi anayenyonya damu.

Ng'ombe mwenye nagana hafi ghafla. Manyoya yanasimama, machozi yanatiririka, tezi za bega zinavimba. Anakula, lakini anakonda. Ukifunua kope la chini unakuta weupe pale palipotakiwa kuwa na wekundu, kwa sababu damu imekwisha. Mwenye mimba anaitupa. Maksai analala chini na jembe shingoni wakati mvua ndiyo kwanza zimeshika. Hapo mfugaji anakimbilia duka la dawa, ananunua pakiti ya unga wa njano, anaukoroga kwa maji ya kisima, anakisia uzito wa ng'ombe kwa macho na kuchoma. Siwezi kumlaumu, maana mtaalamu wa mifugo yuko mbali na vijiji anavyohudumia ni vingi. Lakini dozi pungufu ndiyo inayokizoesha kimelea dawa, na dawa zenyewe ni zile zile zilizotoka miaka ya 1950. Zikigoma hizo, hatuna pa kukimbilia.

Mheshimiwa, nchi hii inajua namna ya kummaliza mbung'o, kwa sababu imeshammaliza Unguja. Kwanza idadi yao ilishushwa kwa ng'ombe kupakwa dawa mgongoni na vitambaa vyenye dawa kutundikwa msituni. Kisha kuanzia mwaka 1994, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ndege ziliachia juu ya kisiwa madume waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, na huzaa buu mmoja mmoja, kila baada ya siku tisa au kumi hivi. Akipandwa na dume tasa, uzazi wake umekwisha. Mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996, na uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa huru.

Najua nitajibiwa kwamba kisiwa kimezungukwa na bahari na bara haina ukingo. Ni kweli, kazi ya bara ni ngumu zaidi. Lakini Botswana haina bahari, na mwaka 2001 na 2002 ilisafisha bonde la Okavango kwa ndege za kunyunyiza dawa. Pote pawili Serikali ilishika eneo zima kwa pamoja na haikuishia njiani. Huku kwetu, mimi nikiogesha na jirani asipoogesha, mbung'o wa kwake kesho ni wangu.

Naomba basi tuanze na majosho ya kuogeshea mifugo kwa dawa, kwa kuwa yapo tayari. Dawa za jamii ya pairethroidi huua kupe na mbung'o pia, ilhali nyingine ni za kupe tu. Katika wilaya zenye mbung'o, dawa ya ruzuku iwe ya aina hiyo ya kwanza, na vijiji jirani viogeshe kwa ratiba moja. Ambako josho liko mbali, wafugaji wafundishwe kupaka miguu na tumbo la ng'ombe wakubwa. Mbung'o huwafuata hao kuliko ndama na huuma zaidi sehemu hizo, hivyo dawa kidogo inafanya kazi kubwa.

Jambo la pili haliko mikononi mwako peke yako. Mbung'o wanazaliana ndani ya mapori ya akiba na hifadhi, ambako Wizara yako haina mamlaka. Kaa na mwenzako wa Maliasili. Mitego ya vitambaa vya bluu na vyeusi ipangwe mipakani mwa mapori, na awepo mtu anayelipwa kuikagua, kwa sababu jua huchujua rangi, dawa huisha, na kitambaa kilichopauka hakimvuti tena mbung'o. Watu wa afya nao waitwe: mbung'o huyo huyo ndiye anayewapa binadamu malale, na ng'ombe huweza kubeba kimelea chake bila kuonyesha dalili.

Na kazi ikianza, isikatwe. Amerika ya Kati walimsukuma inzi wa funza wala nyama hai hadi Panama, kwa njia hiyo hiyo ya madume tasa. Tangu mwaka 2023 amevuka kizuizi na kupanda hadi Mexico, na Marekani ikafunga mpaka kwa ng'ombe wa Mexico. Fungu la mbung'o liwepo kila mwaka, hata mwaka ambao mitego haijanasa kitu.

Katika hotuba yako ijayo ya bajeti tunaomba kusikia wilaya itakayoanza, tarehe, na fedha iliyotengwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mfugaji, Tabora